Wawili, pikipiki moja na mvua ya sikukuu: maswali tunayoulizwa sana kuhusu safari ya Dar hadi Kilwa

Kila sikukuu za Aprili zinapokaribia, maswali ni yaleyale: kazini, kwenye vikao vya harusi, na kwa mashemeji wanaotaka kujua kama kweli mtu na mkewe wanaweza kutoka Mbagala hadi Kilwa Masoko kwa pikipiki huku mvua inanyesha. Nimeyakusanya hapa. Mume wangu ndiye anayeendesha na mimi ndiye ninayekaa nyuma, kwa hiyo majibu mengi yametoka kiti cha nyuma, kiti ambacho watu hukisahau wanapopanga safari ya namna hii.

## Kabla ya kuamua

1. Kwa nini wakati wa mvua? Si mngengoja Juni?

Kwa sababu sikukuu haziingoji Juni. Pasaka, siku ya Karume Aprili 7, Muungano Aprili 26 na Mei Mosi, zote kwa kawaida huangukia ndani ya masika. Mwaka 2026 Ijumaa Kuu ni Aprili 3, Jumatatu ya Pasaka ni Aprili 6, na kesho yake ndiyo Karume: siku tano mfululizo kwa mtu asiyefanya kazi Jumamosi. Kwa watu wawili walioajiriwa sehemu mbili tofauti, kupata siku tano pamoja bila kuomba ruhusa ni bahati, na sisi hatuko tayari kuiacha ipite kwa ajili ya kulowa.

Na niseme wazi kwamba pwani ya kusini wakati wa mvua ni nzuri. Bonde la Rufiji ni kijani kitupu, vumbi hakuna, jua halichomi mgongo, na Kilwa haina msongamano wa wageni. Anayetaka bahari tulivu na anga kavu aende Julai. Tunayoyazungumza hapa ni mengine.

2. Mvua ya Dar na ya Kilwa ni moja?

Hapana, na hili wengi hawalijui. Mamlaka ya Hali ya Hewa huihesabu Dar es Salaam na mkoa wa Pwani katika maeneo ya misimu miwili, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Lindi, ambako ndiko Kilwa ilipo, ina msimu mmoja mrefu wa Novemba hadi Aprili. Ukivuka Rufiji unatoka kwenye msimu mmoja unaingia mwingine. Mwishoni mwa Aprili mnaweza kuondoka Mbagala maji yanamwagika na mkafika Nangurukuru lami imekauka.

Lakini msidanganywe na jua. Mto Rufiji huleta maji kutoka nyanda za juu za Iringa, Mbeya na Morogoro, mbali kabisa na barabara yenu. Unaweza kufurika siku ambayo Ikwiriri haijadondoka hata tone. Kwa hiyo kabla ya kuondoka hatuangalii utabiri wa Dar peke yake. Tunasoma tahadhari ya siku tano ya Mamlaka, halafu tunampigia simu mtu aliyepo njiani. Dereva wa basi la Kusini aliyefika jana usiku anajua mengi kuliko programu yoyote ya simu.

3. Ni mbali kiasi gani, na huchukua muda gani?

Ni zaidi ya kilomita 300, lami mwanzo hadi mwisho. Njia ni Mbagala, Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Bungu, Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa, Nyamwage, Somanga hadi Nangurukuru, kisha mnakata kushoto kwenda Masoko. Kukiwa kukavu, watu wawili wanaopumzika vizuri hutumia saa saba hivi. Kwa mvua pangeni saa tisa au kumi, na muondoke saa kumi na mbili asubuhi. Sababu ya kuondoka mapema iko kwenye swali la 15.

4. Hatujawahi kusafiri pamoja kwa pikipiki. Tuanzie Kilwa?

Msianzie Kilwa. Anzeni na Bagamoyo siku ya mvua: ni chini ya kilomita 80 kutoka katikati ya Dar, ni lami, kuna vibanda vya kujikinga kila baada ya mwendo mfupi, na mkichoka mnageuza. Laleni usiku mmoja, tembeeni magofu ya Kaole, rudini. Mtagundua mapema kama koti linavuja, kama kiti kinaumiza, na kama mnaweza kusikilizana mkiwa mmelowa. Hilo la mwisho ndilo kubwa.

## Pikipiki na karatasi

5. Boxer inatosha, au tutafute pikipiki kubwa?

Inatosha. Boxer au TVS ya cc 150 iliyotunzwa hubeba watu wawili na mzigo mdogo hadi Kilwa bila shida, na faida yake kubwa ni kwamba fundi na vipuri vipo kila kijiji chenye bodaboda. Pikipiki kubwa ya kigeni ikikorofisha Nyamwage, itakaa hapo ikisubiri kipuri kutoka Dar. Ya cc 100 na 125 pia hufika, ila mkiwa wawili kwenye upepo wa kusi unaopiga kutoka mbele, mwendeshaji ataikamua njia nzima na kulipita lori kutakuwa kazi nzito.

6. Tukague nini kwa ajili ya mvua hasa?

Matairi kwanza. Kashata, yale meno ya tairi, zikishalika, hakuna ufundi wa kuendesha utakaowasaidia kwenye lami yenye maji. Badilisheni kabla, hasa la nyuma linalobeba uzito wa wawili. Jazeni upepo kulingana na maelekezo ya watu wawili, na msipunguze kwa imani kwamba tairi laini hushika lami vizuri zaidi.

Kisha breki zote mbili, taa ya mbele, taa ya breki na indiketa. Kofia ya plagi ikae vizuri, maana maji yakiingia hapo pikipiki itakohoa na kuzima. Cheni ipakwe oili kila jioni baada ya mvua, si asubuhi ya kuondoka tu: ikilala na maji, asubuhi utaikuta imeshika kutu na inalia. Mume wangu huifanya kazi hiyo kabla hajavua koti, akiwa bado anachuruzika maji uani mwa gesti, na nimeacha kumlalamikia.

7. Trafiki wataulizia nini?

Leseni ya daraja husika (A1 kwa pikipiki isiyozidi cc 125, A kwa inayozidi), kadi ya pikipiki, bima iliyo hai, na kofia ngumu kwa wote wawili. Kofia ya abiria ni sheria, na iwe yenye mkanda unaofunga, si ile ya kuazima inayozunguka kichwani. Kwenye makazi mwendo ni 50, na sikukuu askari wenye tochi za kupima mwendo huwa wengi. Mjini, Kilwa Road, msiingie njia ya mwendokasi hata foleni ikiwa ndefu namna gani.

Wekeni karatasi zote kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mfuko mwingine, na zikae mahali zinapotoka bila kufungua mzigo wote mvuani.

## Kiti cha nyuma

8. Aliyekaa nyuma ana kazi gani? Si anakaa tu?

Ana kazi kubwa. Uzito wake ndio unaoamua pikipiki itasimama wapi breki zikishikwa. Akiegemea upande tofauti na kona, mwendeshaji anapambana naye badala ya kupambana na barabara. Kwenye kona fuata mwili wa aliye mbele, angalia juu ya bega lake la upande mnaokatia, basi. Breki zikishikwa ghafla, bana mapaja na uweke viganja kwenye tangi au kiunoni mwake ili usimsukume.

Kazi ya pili ni macho. Mvua ikipiga usoni, aliye mbele huona lami ya mita chache tu. Aliye nyuma ana kivuli cha mwili wa mwenzake, anaweza kuinua uso akaona wingu jeusi upande wa bahari, ng'ombe wanaoingia barabarani karibu na Ikwiriri, au basi linalokuja nyuma kwa kasi.

Kazi ya tatu ndiyo ya maana kuliko zote: ana haki ya kusimamisha safari. Kwetu ni kanuni isiyo na mjadala. Mmoja akisema tusimame, tunasimama, mahali salama pa kwanza, na sababu inazungumzwa baada ya kuteremka. Aliye mbele mara nyingi huwa ameshikwa na hamu ya kufika. Aliye nyuma anasikia baridi, anaona mikono ya mwenzake imekakamaa, anajua saa ngapi zimepita tangu wale. Safari ya wawili ambayo uamuzi wote uko kwa mmoja ni ya hatari hata kukiwa kukavu.

9. Mwanamke avae nini? Dira au baibui linafaa?

Suruali nzito ndani, suti ya mvua ya vipande viwili juu, gambuti au viatu vinavyofunika kifundo, na glavu. Dira, baibui na khanga vikae kwenye begi hadi mfike. Nguo inayoning'inia huingia kwenye cheni au spoku, na kwenye mwendo wa 60 hakuna nafasi ya kuivuta. Anayependa kujisitiri zaidi avae koti refu la juu lililofungwa mapajani kwa mpira.

Na kaa kiume, mguu huku na mguu huku. Kukaa upande, jinsi wengi tunavyokaa kwenye bodaboda za mtaani, hakufai kabisa safari ndefu yenye mvua: huna pa kubana, na uzito wote uko upande mmoja.

Ukifika Kilwa, khanga mbili zitakufaa kuliko nguo yoyote nyingine. Moja ya kujifunga, moja ya kujitanda. Mji ni wa Waislamu wengi na watu huheshimu mgeni anayejiheshimu.

10. Tunalowa kiunoni hata tukiwa na makoti mazuri. Kwa nini?

Kwa sababu ya bwawa la katikati. Maji yanateremka mgongoni mwa aliye mbele, yanakutana na mapaja ya aliye nyuma, na pale mnapogusana kwenye kiti panajaa. Kila tuta mnalopita, maji yale yanasukumwa ndani kupitia mshono wa suruali. Baada ya nusu saa wote wawili mmekalia baridi, na hakuna aliyeona maji yalipoingia.

Dawa yake ni rahisi. Koti la aliye mbele lishuke juu ya kiti, si kukunjwa ndani ya suruali. Aliye nyuma aweke kipande cha turubai mapajani kinachoteremka pande zote mbili za kiti, kimeshikizwa chini ya koti la mwenzake. Maji yatapata njia ya kwenda chini. Kipande cha nusu mita kinatosha, na kimetuokoa kuliko makoti ya bei kubwa.

11. Tunaongeaje huku kofia zimefungwa na mvua inapiga?

Kwa mkono. Sisi tuna ishara chache: gonga moja bega la kushoto, kuna gari nyuma linataka kupita, gonga mbili, punguza mwendo, kiganja kikilala mgongoni bila kuondoka, simama. Chagueni zenu, zifanyieni mazoezi mtaani, na zisizidi nne. Kupiga kelele kwenye upepo humfanya mwendeshaji ageuze shingo, na hapo ndipo shimo linapomkuta.

12. Mkigombana njiani?

Tunasimama, tunakula, halafu ndiyo tunaongea. Ugomvi mwingi wa safari ya mvua ni njaa na baridi. Chai ya tangawizi na chapati Kibiti imemaliza mengi.

## Barabarani

13. Mvua ikianza, hatari kubwa iko wapi?

Kwenye dakika zake za kwanza. Vumbi na oili ya magari vilivyokaa juu ya lami huchanganyika na maji na kuwa utelezi; mvua ikiendelea kwa nguvu huvisafisha. Kwa hiyo matone ya kwanza yakidondoka, huo ndio wakati wa kusimama na kuvaa suti ya mvua, na mkirudi barabarani sehemu ya hatari itakuwa inapungua.

Mistari ya rangi, rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) za kabla ya vivuko na vyuma vya maungio kwenye madaraja huteleza kila mara vikilowa. Daraja la Mkapa lina urefu wa takriban mita 970. Lipiteni wima, mwendo mmoja, bila kushika breki juu ya vyuma. Lilifunguliwa 2003, na kabla ya hapo watu walivuka Rufiji kwa pantoni na kulala ng'ambo wakisubiri mto utulie. Kusimama juu yake kupiga picha hairuhusiwi wala si busara. Angalieni mashamba ya mpunga mkiwa mnatembea.

Mwendo wetu kwa mvua hauzidi 60. Breki ya mbele na ya nyuma zishikwe pamoja, taratibu, mapema.

14. Na malori?

Barabara hii inabeba saruji kutoka Mtwara, korosho, na mabasi ya Kusini yanayokimbizana na ratiba. Lori likipita kwenye maji linarusha wimbi la tope, na kwa sekunde mbili au tatu mwendeshaji haoni chochote. Mkiliona linakuja, punguzeni, sogeeni kushoto bila kutoka kwenye lami, na mwendeshaji ainamishe uso kidogo kabla ya wimbi kufika. Msilifuate lori kwa karibu mkitafuta kivuli cha upepo. Shimo analolipita dereva katikati ya magurudumu yake litakuwa la kwenu.

Basi likitaka kupita, lipisheni. Kila mara.

15. Tukichelewa, tunaweza kumalizia usiku?

Hapana. Mwezi wa nne saa kumi na mbili na nusu jioni jua limekwisha kuzama na giza linaingia, na kati ya Nyamwage na Nangurukuru kuna vipande virefu visivyo na taa wala nyumba. Maji juu ya lami hayaonekani kwa taa ya pikipiki, ng'ombe weusi hawaonekani, lori lililoharibika bila kiakisi halionekani. Saa kumi jioni ikiwakuta Ikwiriri, laleni Ikwiriri. Gesti zipo na samaki wa Rufiji wapo.

16. Radi je?

Mkihesabu na kukuta ngurumo inakuja upesi baada ya mwanga, ingieni kwenye jengo: duka, shule, msikiti, kituo cha mafuta. Si chini ya mwembe wala mkorosho, hata kama mti ndio wa pekee na mvua ni kubwa. Pale ambapo hakuna jengo, teremkeni, sogeeni mbali na pikipiki na miti, chuchumaeni mahali pa chini pasipo na maji.

17. Maji yamefunika barabara na watu wanavuka. Tuvuke?

Hili ndilo swali la safari nzima, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Kipande cha Somanga hadi Nangurukuru kinakatiza mabonde yanayojaa upesi, likiwemo la mto Matandu. Mei 4, 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani karibu na Mafia, mvua yake ilibomoa barabara hiyo sehemu kadhaa, na Lindi na Mtwara zikakatika na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Wiki chache kabla, wilaya za Rufiji na Kibiti zilikuwa zimeshafunikwa na mafuriko. Aprili 2025 barabara ikakatika tena hapohapo Somanga. Kwa hiyo anayesema haya mambo hutokea mara moja kwa miaka mingi hajaifuatilia barabara hii.

Kanuni yetu: maji yanayotembea yakipita kifundo cha mguu, hatuvuki. Maji yaliyotulia tunayavuka tu kama tunaona kingo zote mbili za lami, kama gari dogo limepita mbele yetu kwa njia ileile, na kama hayafiki katikati ya gurudumu. Aliye nyuma hutangulia kwa miguu kando ya mstari wa katikati, akipapasa kwa fimbo, na pikipiki hufuata ikiwa na mtu mmoja, gia ya kwanza, bila kuachia mafuta.

Sababu ya ukali huo ni kwamba maji ya kahawia huficha lami iliyokwisha kuliwa chini. Juu mnaona mto tulivu. Chini kalavati limeondoka. Maji yanayokimbia husukuma pikipiki kwa ubavu, na tairi mbili hazina cha kushikilia.

Vijana watakuja kuwabebea pikipiki kwenye mti kwa malipo. Kwenye maji yaliyotulia ni msaada mzuri, wanaijua njia, na elewaneni bei kabla. Kwenye maji yanayotembea kataeni kwa heshima, hata wakiwacheka. Na hapa kanuni ya swali la 8 inafanya kazi kwa nguvu zote: mmoja akisema hapana, jibu ni hapana, na mwenzake hamuulizi mara ya pili.

18. Mafuta na chakula tupate wapi?

Jazeni Mkuranga au Kibiti, tena Ikwiriri, tena Nangurukuru. Msiruke Ikwiriri. Petroli ya chupa ya kando ya njia iwe ya dharura tu, maana wakati wa mvua hupata maji ndani na pikipiki itaanza kukata moto kilomita kumi mbele.

Chakula kipo njia nzima. Somanga simameni kwa samaki wa kukaanga wanaouzwa pale mabasi yanaposimama. Mle wakiwa wa moto, na ndimu, mkiwa mmesimama chini ya bati.

## Mkishafika

19. Gesti zitajaa? Na tutakaushaje nguo?

Pasaka na Idi pigeni simu mapema. Siku nyingine za masika vyumba vipo. Mtaandika majina kwenye kitabu cha wageni, muwe na vitambulisho. Ulizeni kabla ya kulipa: kuna sehemu ya kuingiza pikipiki ndani ya ukuta, na feni inafanya kazi?

Feni ndiyo mashine ya kukaushia. Kamulieni nguo bafuni, zungusheni kwenye taulo kavu na kulikanyaga, kisha zitundikeni kwenye kamba mita moja kutoka kwenye feni. Glavu zigeuzwe nje ndani. Viatu vijazwe magazeti na magazeti yabadilishwe kabla ya kulala. Umeme ukikatika, mtavaa vilivyolowa asubuhi, kwa hiyo soksi kavu na nguo za ndani zisitoke kwenye nailoni hadi wakati wake.

20. Kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani kwenye mvua kunawezekana?

Asubuhi bahari ikiwa tulivu, ndiyo. Mnapata kibali kwanza ofisini Masoko, mnachukua mwongozo, kisha boti kutoka gatini; ni mwendo mfupi. Dai jaketi okozi kwa kila mmoja. Nahodha akisema leo hapana, msimbembeleze.

Magofu yale, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa mwaka 1331 akaukuta mji uliokuwa ukitawala biashara ya dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji. Mkiingia Msikiti Mkuu mvua ikinyesha mtasikia matone yakigonga kuba za matumbawe juu yenu na kudondoka pale ambapo paa halipo. Mawe hayo huteleza sana yakilowa. Vaeni viatu vya kufunga, na ngazi za Husuni Kubwa zipandwe polepole.

21. Na siku ambayo mvua haikatiki kabisa?

Nendeni Kilwa Kivinje, si mbali na Nangurukuru. Boma la Wajerumani, nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, na kumbukumbu ya waliopinga utawala wa Wajerumani wakanyongwa huko. Mji mdogo, unatembeleka kwa mwavuli. Au msiende popote. Kulala mchana wa sikukuu huku bati linapiga mvua, wawili, simu zimezimwa, pia ni safari.

## Mambo yasiyo ya kawaida

22. Tumchukue mtoto katikati yetu?

Hapana. Sheria inaruhusu abiria mmoja, na mishikaki, yaani kupakiana watatu, kwenye lami yenye maji ni kumhatarisha asiyeweza kukataa. Mwacheni kwa bibi.

23. Mke ni mjamzito.

Pandeni basi. Mitikisiko, baridi na hatari ya kuanguka havina sababu ya kujaribiwa. Kilwa haihami.

24. Pancha katikati ya pori?

Bebeni tyubu moja, pampu ya mkono, spana na vyuma vya kufungulia tairi. Aliye nyuma ashike turubai juu ya anayeziba, kwa sababu kiraka hakishiki kwenye mpira wenye maji. Mkishindwa, bodaboda wa kwanza atakayepita atamjua fundi wa kijiji kinachofuata.

25. Pikipiki imezimika ndani ya maji. Tuiwashe?

Msiiwashe. Isukumeni hadi pakavu, toeni plagi, ikausheni, angalieni kichujio cha hewa. Oili ikionekana nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini. Ni kazi ya fundi na kubadilisha oili, na kuilazimisha kutaiua.

26. Mama mkwe anakataa. Tumwambieje?

Mwambieni ukweli wote: njia, saa ya kuondoka, mtakapolala, na kanuni ya swali la 17. Kisha mpigieni simu kila kituo kama mlivyoahidi: Kibiti, Ikwiriri, Nangurukuru, Masoko. Wangu alianza kwa kususa; siku hizi yeye ndiye anayetupigia saa kumi na moja alfajiri kutuambia taarifa ya hali ya hewa imesema nini.

27. Barabara imekatika tukiwa Kilwa, na keshokutwa ni kazini.

Piga simu kazini siku hiyohiyo, usingoje asubuhi ya kuchelewa. Ulizeni polisi au TANROADS, wakala wa barabara, kama kuna njia ya muda. Msifuate njia za porini mnazoelekezwa na mtu asiyezipita wiki hiyo. Ikiwa mmoja lazima arudi, anaweza kupanda basi linalofaulisha abiria, moja upande huu na jingine ng'ambo, na mwenzake abaki na pikipiki. Wote mkilazimika kurudi, iacheni pikipiki gesti kwa maandishi, na funguo moja mbaki nayo. Njia ikifunguliwa, Fuso linalorudi tupu Dar huweza kuibeba: ifungwe wima kwa kamba nne, tangi likiwa na mafuta kidogo, betri imechomolewa, na nauli ilipwe nusu Kilwa, nusu ikishushwa Mbagala.